Utani Uishie Nje ya Sahani: Ushauri kwa Mwenye Kwenda Mkahawani na Mchaguzi wa Chakula

Mtu anayechagua chakula ana haki ya kwenda mkahawani na kufurahi kama wenzake, na haki hiyo haipotei kwa sababu wahudumu wa mkahawa huo wanalipwa kuwatania wateja. Nasema hivi kama mama wa mtoto wa kiume ambaye vyakula anavyokula vinahesabika kwa vidole, na kama dada wa mtu mzima, baba wa familia, ambaye hadi leo hagusi kitu chochote kilichopikwa kwa nyanya zinazoonekana. Hapa Mombasa siku hizi sherehe nyingi, kuanzia siku za kuzaliwa hadi kumaliza shule, zimehama nyumbani na kuhamia kwenye mikahawa iliyopambwa kama meli, pango au kijiji cha kale, yenye wahudumu waliovaa nguo za kuigiza na wenye ndimi kali. Watu wengi hufurahi sana huko. Ninaowaandikia ni wale wanaokaa mezani wakiwa na wasiwasi kuhusu yule mmoja wao ambaye hatakula.

Mikahawa ya aina hii haifanani. Huko Marekani, Dick's Last Resort, iliyoanzia Dallas mwaka 1985, inajulikana kwa wahudumu wanaowajibu wateja kwa ufidhuli wa makusudi na kuwavika kofia ndefu za karatasi zilizoandikwa maneno ya kuwacheka. Mwaka 2021 mjini Sydney, Australia, ulifunguliwa Karen's Diner, ambako wateja walikuwa wakienda wakijua kwamba watafokewa. Kwetu pwani mambo ni ya upole zaidi, na ipo mikahawa ambayo uigizaji wake ni wa mahali tu: Diani kuna Ali Barbour's, ambako watu hula ndani ya pango la matumbawe, na Tamarind ya Nyali imewahi kuwalisha wageni ndani ya jahazi. Mahali pa namna hiyo hapamsumbui mchaguzi wa chakula hata kidogo, kwa kuwa pango halimuulizi mtu kwa nini hakumaliza kamba wake. Shida huanza pale uigizaji unapoingia kinywani mwa mhudumu na kumlenga mteja.

Utani kwetu si jambo geni wala si jambo baya. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", babu humtania mjukuu wa kike kuhusu mahari, mashemeji huchokozana, na mabinamu huambiana maneno ambayo mtu baki akiyasema patazuka ugomvi. Lakini kila mmoja wao anajua kwamba utani una wenyewe na una mpaka. Anayenitania ninamtania pia, nami najua kwamba siku ya msiba atakuwa wa kwanza kufika. Mhudumu wa mkahawa, hata awe hodari namna gani, ni mtu baki aliyepewa kazi ya kuigiza ujamaa huo kwa saa mbili. Anahitaji kupewa ruhusa, tena ruhusa yenye mipaka, na anayepaswa kuitoa ni yule aliyewaleta watu mezani.

Jambo lililonifanya niandike haya lilitokea katika mkahawa mmoja wa Pwani Kaskazini, ambao sitautaja, tulikoalikwa na jamaa kwa siku ya kuzaliwa ya mtoto wao. Wahudumu walikuwa wamevaa kama mabaharia, na aliyetuhudumia alijiita nahodha. Alikuwa na kilemba na daftari kubwa la jalada gumu alimoandika maagizo ya "abiria" wake. Mwanangu aliagiza wali mweupe na viazi vya kukaanga, bila mchuzi. Nahodha akaligonga daftari kwa kalamu na kupaza sauti mpaka meza za jirani zikageuka: "Jamani abiria, huyu hataki mchuzi wa kamba! Tumtose?" Watu wakacheka. Chakula kilipofika, alikiweka mbele ya mtoto na kuongeza, "Mchagua nazi hupata koroma, bwana mdogo!" Mwanangu alikuwa ameshashika kijiko. Alikiweka chini, akaisukuma sahani taratibu mpaka ikafika katikati ya meza, akaikalia mikono yake. Wali ule, chakula anachokipenda kuliko vyote duniani, hakuugusa. Kijana yule hakuwa na nia mbaya. Aliwachekesha watu thelathini kwa sentensi mbili, na hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Ila hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba kwa mtoto huyu mzaha wa chakula si mzaha.

Walio wengi hudhani kwamba kuchagua chakula ni kudeka au kiburi. Ukimchunguza mtoto wa namna hiyo kwa karibu utaona kwamba mara nyingi ni hofu. Watoto wengi kati ya miaka miwili na sita huogopa chakula wasichokijua, na wengi wao huhitaji kukionja mara kumi na zaidi, kidogo kidogo na bila kulazimishwa, kabla ya kukizoea. Wengine hofu hiyo hukua nayo. Tena ndimi zetu hazisikii ladha kwa namna moja. Mwaka 1931 mwanakemia wa Marekani, Arthur Fox, alieleza jinsi unga wa kemikali iitwayo PTC ulivyopeperuka maabarani: mwenzake alilalamika kwamba ni mchungu mno, ilhali yeye Fox hakusikia ladha yoyote, na baadaye ilithibitika kwamba tofauti hiyo hurithiwa. Ndiyo maana mboga ya mtsunga, ambayo kwa watu wengi wa pwani uchungu wake ndio utamu wake, kwa mwingine ni adhabu, na wote wawili wanasema kweli. Yapo pia yanayozidi kuchagua kwa kawaida: mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kiliingiza katika mwongozo wake hali ya kuepuka chakula inayofikia kumdhoofisha mtu. Ikiwa mtoto wako anapungua uzito, hakui au amebakiwa na vyakula viwili vitatu tu, usisubiri ushauri wa mtandaoni; mpeleke kwa daktari na mtaalamu wa lishe.

Sasa nieleze ninavyofanya. Kabla ya siku yenyewe, huomba orodha ya vyakula kwa WhatsApp, kwa kuwa mikahawa mingi ya Mombasa hujibu huko haraka kuliko kwa simu, na mwanangu huchagua chakula chake tukiwa nyumbani, pasipo mtu wa kumwangalia. Tukifika, ninamtafuta mhudumu wetu mlangoni au karibu na jiko, kabla hajaanza kuigiza, na kumwambia maneno machache yaliyonyooka: "Kaka, mwanangu anachagua chakula. Mtanie kuhusu timu yake, mtanie kuhusu viatu vyake, lakini naomba asiulizwe anakula nini wala kwa nini hali." Sijawahi kuona mhudumu akikasirika. Mmoja alinijibu, "Nimekuelewa, mama. Anashabikia timu gani?" Nilipomwambia ni Arsenal alitabasamu kama mtu aliyepewa zawadi, na jioni nzima alimtania mwanangu kuhusu makombe, naye mwanangu akamrudishia maneno bila woga, huku akila mishkaki yake isiyo na pilipili mpaka ya mwisho. Angalia kwamba sikumwomba mhudumu aache utani. Nilimpa mahali pengine pa kuupeleka. Mtu unayemkataza tu hubaki hajui la kufanya, na mtoto anayeachwa nje ya mzaha unaowafikia wote mezani huhisi kwamba ametengwa, jambo ambalo nalo linaumiza.

Katika kuagiza, ombi linalosaidia kuliko yote ni mchuzi kuletwa kando, kwenye bakuli lake. Mapishi yetu ya pwani hupenda kufunika: samaki wa kupaka huja amevikwa nazi, viazi karai huja na ukwaju, wali humwagiwa mchuzi jikoni kabla haujafika mezani. Kwa mchaguzi, vyakula viwili kugusana yatosha kuharibu vyote. Omba sahani mbili ikibidi. Wala usimwagizie chakula kipya eti kwa sababu leo ni sikukuu na huenda akajaribu. Kelele, taa na watu wageni vimeshamchosha, na mkahawa si mahali pa kumfundisha mtu kula. Nenda mapema pia, saa kumi na mbili jioni hivi, kabla mkahawa haujajaa na wahudumu hawajapata hadhira kubwa ya kuichekesha. Nyakati za buffet, kama futari za mwezi wa Ramadhani katika hoteli kubwa, ni nafuu sana, maana kila mtu hujipakulia na hakuna anayefuatilia.

Kuna mpango mmoja ambao ningependa mikahawa yetu yote ya maigizo iuige. Carnivore ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1980, huweka kibendera kidogo kwenye kila meza. Wahudumu hupita na nyama zilizochomwa, wakikata vipande moja kwa moja kwenye sahani, na hawaachi kuleta mpaka meza ikilaze kibendera chake. Huo nao ni mchezo, na watu hucheka wanapokubali kushindwa, lakini kibendera kinafanya kazi ambayo maneno hayawezi: kinamruhusu mtu kusema "basi" pasipo kujieleza. Nyumbani kwetu tumechukua wazo hilo. Mwanangu akigeuza glasi yake tupu kifudifudi, mimi au baba yake hubadilisha mazungumzo au humwita mhudumu pembeni, na hakuna mwingine mezani anayejua kilichotokea.

Hapa naomba nisisitize jambo la usalama. Usiseme kwamba mtu ana mzio wa chakula ili tu aachwe kula kwa amani. Najua wengi hufanya hivyo. Lakini wapo watu ambao kamba, kaa, karanga au korosho huwafunga koo, na kila uongo wa aina hiyo hupunguza imani ya wahudumu kwa wenye mzio wa kweli. Na ikiwa mzio ni wa kweli, usiutaje katikati ya mzaha hata mara moja. Katika mkahawa ambao kila "sitaki" ya mteja hugeuzwa kichekesho, "siwezi" inaweza kumezwa na vicheko. Mwambie mhudumu kabla ya kuketi, kwa sauti ya kawaida, mwombe aandike, na umwombe athibitishe na mpishi.

Kwa watu wazima wanaochagua chakula, kaka yangu ndiye mwalimu wangu. Akitaniwa hajitetei, hasimulii historia ya tumbo lake, wala hakasiriki. Husema kwa tabasamu, "Hiki ndicho ninachokula, asante," halafu humrudishia mhudumu utani kuhusu jambo jingine, mara nyingi mavazi yake. Utani ni kujibizana. Mhudumu hodari akishapata mtu wa kujibizana naye husahau sahani mara moja. Anayejieleza sana ndiye anayeendelea kuulizwa.

Mara nyingi, hata hivyo, anayeumiza si mhudumu. Ni jamaa mezani. Sisi tumelelewa kumhimiza mgeni ale, na anayekataa chakula huonekana amemdharau mpishi. Basi mhudumu akianza, shangazi huendeleza na binamu humalizia. Zungumza nao kabla ya siku ile, mmoja mmoja, na kwa wakubwa tumia heshima yote: "Shangazi, shikamoo. Jumamosi tukienda, chakula cha mtoto naomba niachie mimi." Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, ana kanuni inayonisaidia katika mazungumzo haya: mzazi huamua ni chakula gani kitawekwa mezani, lini na wapi, na mtoto huamua kama atakula na kiasi gani. Wazee wengi huikubali kanuni hii wakielezwa kwa utulivu, kwa sababu haimwondolei mzazi mamlaka.

Wahudumu wa kazi hii nao ninawaheshimu, kwani kumchekesha mtu aliyelipia ni kazi ngumu. Ombi langu kwao ni kwamba wayatazame macho ya mteja baada ya mzaha wa kwanza. Aliyefurahi humtazama mhudumu usoni na kutafuta la kumjibu. Aliyeumia huitazama sahani yake. Huyo wa pili ahudumiwe kwa upole na mzaha uhamie kwa mwingine. Mhudumu akifanya hivyo, mwachie bakshishi nzuri na umtaje jina lake kwa meneja, kwa sababu mameneja huendeleza kile wanachosikia kikisifiwa.

Na ukipiga simu ukaambiwa kwamba kuwacheka wateja kwa wanachokula ndiyo burudani yenyewe na hakuna wa kuachwa, shukuru kwa kuambiwa ukweli na upeleke sherehe yako kwingine. Bustani ya Mama Ngina iko wazi jioni, na muuza mihogo pale huuliza kwanza kama atie pilipili na ndimu.