Ukitaka kuimba wawili, anza na irabu

Wengi wanaotaka kuimba wawili huanza kwa kuuliza nani ashike sauti ya kwanza na nani ya pili. Swali hilo lina haki yake, ila jibu linapatikana ndani ya nusu saa. Kinachokula miaka ni kuzifanya sauti mbili zishikane mpaka msikilizaji aache kuzihesabu. Mimi na mwenzangu tunaimba kwa gitaa kavu muda mrefu sasa, nyimbo tunazotunga wenyewe, na ushauri wangu wa kwanza ni huu: noti ndiyo sehemu nyepesi. Kazi iko mdomoni, kwenye pumzi na masikioni.

Tuanze na mdomo. Chukueni neno "moyo", mliimbe pamoja mkiivuta irabu ya mwisho. Mmoja akikunja midomo vizuri na mwingine akiiachia kidogo ikaelekea kwenye "a", mtasikia kana kwamba mmoja ametoka nje ya sauti, ilhali wote mko kwenye noti zenu. Hapo ndipo waimbaji huanza kunyoosheana vidole, huyu anashuka, yule anapanda, na hakuna aliyeshuka wala kupanda. Irabu ndiyo inayobeba noti. Irabu zisipofanana, noti sahihi haiwaokoi.

Dawa tunayotumia ni kuusema mstari kwanza bila kuuimba, polepole, tukitazamana midomo. Kisha tunauimba kwa irabu tupu, konsonanti zote nje. "Usiku wa leo" unabaki "u-i-u-a-e-o". Mtu akipita dirishani atadhani mmechanganyikiwa. Lakini rudisheni konsonanti baada ya hapo msikie tofauti. Binafsi sijaona zoezi jingine linalolipa haraka namna hii.

Anayeimba kwa Kiswahili ana mtihani wake zaidi. Karibu kila neno letu linaishia na irabu, kwa hiyo mwisho wa mstari unabaki wazi, hakuna konsonanti ya kuufunga. Mmoja akikata mapema, mwenzake anaachwa ananing'inia peke yake na ukumbi mzima unasikia. Kubalianeni mnakata kwenye pigo la ngapi, na mliandike. Karatasi zetu za mashairi zimejaa alama za penseli: mkwaju mdogo (/) pale tunapovuta pumzi, namba pale tunapokata. Kwenye kwaya ya watu thelathini mmoja anaweza kuiba pumzi katikati ya neno na mtu asijue. Wawili hamna pa kujificha.

Halafu kuna "s", "sh" na "ch". Watu wawili hawawezi kuzitamka kwa wakati mmoja kamili, na kwenye maiki zinatoka kama nyoka wawili wanaogombana. Anayeongoza ubeti azitamke, mwingine azilegeze tu, karibu azimeze. Msikilizaji atasikia neno zima.

Ndugu wa damu wana upendeleo katika haya yote, lazima tukiri. Don na Phil Everly wa Marekani, Ira na Charlie Louvin kutoka jimbo la Alabama hukohuko, dada wawili Klara na Johanna Söderberg wa First Aid Kit kule Sweden: wamekulia nyumba moja, wanatamka maneno sawa, hata vinywa vyao vinafanana umbo. Mtu asiye na ndugu mwimbaji anaweza kukata tamaa hapo. Asikate. Paul Simon na Art Garfunkel, kundi jingine la wawili la Marekani, hawakuwa na undugu wowote. Walijuana wakiwa watoto wa shule huko Queens, New York, wakajifunza kwa kuwaiga akina Everly. Mwaka 1957, bado vijana wadogo, walitoa "Hey Schoolgirl" wakijiita Tom & Jerry, na ukiusikiliza leo unasikia wazi walikokuwa wameegemea. Nawashauri wanaoanza wafanye vivyo hivyo. Chagueni wimbo mmoja wa wawili mnaoupenda, muuige mpaka mahali pa kuvuta pumzi. Wizi wa namna hii chumbani hauna kesi, na sauti yenu wenyewe itajitokeza tu, mpende msipende.

Sasa noti, maana najua mnazisubiri. Njia ya wengi ni kuruka noti moja: kiongozi akiwa do, wa pili anakaa mi, kiongozi akipanda mi, wa pili yuko so. Aliyepita kwaya anafanya hivyo bila kufikiri. Njia hiyo inawafikisha mbali kisha inawakwamisha. Kiongozi akisimama so huku gitaa liko kwenye kodi ya do (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), hesabu ile ile inampeleka wa pili kwenye ti, na ti itakwaruzana na do ya gitaa. Mahali hapo wa pili apande mpaka do. Kwa hiyo msiache sauti ya pili ijiendee yenyewe. Itungeni. Aimbe wa pili peke yake, bila mwenzake. Ikisikika kama wimbo mtu anaoweza kuutia mluzi, imekaa. Sikilizeni "Bye Bye Love" ya akina Everly, ya mwaka 1957. Don yuko chini, Phil yuko juu, na unaweza kumfuata yeyote kati yao ukadhani ndiye mwenye wimbo.

Tena kila mmoja ajue sauti zote mbili. Akina Louvin walikuwa wakibadilishana katikati ya wimbo, wa chini anapanda na wa juu anashuka, na msikilizaji hajui lini limetokea. Sisi hatufiki huko jukwaani, ila mazoezini tunabadilishana kila wimbo mpya. Ukishaimba sauti ya mwenzako unaelewa kwa nini anachoka pale anapochoka.

Jambo moja la kitaalamu, kwa sababu linawachanganya hata wazoefu. Gitaa limepimwa kwa nusu toni zilizo sawa, kila moja senti 100 (senti hapa ni kipimo cha umbali kati ya noti, si pesa), kwa hiyo toka do mpaka mi ni senti 400. Sikio linapenda pafupi zaidi, kama senti 386. Tofauti ya senti 14 ni ndogo, lakini sauti mbili zikikaribiana sana inasikika kama mawimbi yanayopiga ndani ya noti. Wekeni gitaa chini. Mmoja ashikilie do, mwingine aisogelee mi polepole mpaka mawimbi yatulie. Yakitulia mtajua, maana noti inakuwa kama imejaa ghafla. Na anayependa kutetemesha sauti aache kwenye noti ndefu za pamoja. Mitetemo miwili yenye mwendo tofauti inaharibu kila kitu mlichojenga.

Ila, tafadhali, msiimbe wawili mwanzo mpaka mwisho. Hili ni kosa ninalolisikia kwa kila kundi changa, na linanichosha kuliko sauti mbaya. Ubeti wa kwanza mwachieni mtu mmoja. Kiitikio kiingie na mwenzake. Mahali fulani imbeni noti moja wote, kisha mgawanyike kwenye neno lenye uzito. Mkiimba wawili muda wote, sikio linazoea baada ya dakika moja, na hamna tena kipya cha kulipatia.

Jukwaani, mkiweza, tumieni maiki moja. The Milk Carton Kids wa California, Kenneth Pattengale na Joey Ryan, wamejulikana kwa kusimama hivyo, vichwa karibu vigusane. Faida yake ni kwamba usawa wa sauti mnaufanya wenyewe kwa miguu: anayeongoza anasogea, anayesindikiza anarudi nusu hatua. Mkilazimika kutumia mbili, zungumzeni na fundi mitambo mapema. Mafundi wengi wamezoea kumpandisha mwimbaji kiongozi na kuwateremsha waitikiaji, na kwa wawili utaratibu huo ni msiba. Mwambieni sauti zote mbili ziwe sawa kabisa na asiguse tena. Kwenye spika za kujisikilizia, ombeni kumsikia mwenzako zaidi ya unavyojisikia mwenyewe. Mara ya kwanza utahisi umepotea. Baada ya nyimbo mbili tatu hutaki tena kurudi kule.

Kuhusu kutunga, kuna makundi yanayokaa mezani wawili wakaandika mstari kwa mstari. Nawaheshimu, lakini kwetu hilo lilizaa nyimbo za mapatano, ambazo hakuna aliyezichukia wala kuzipenda. Amy Ray na Emily Saliers wa kundi la Indigo Girls, kutoka Georgia, Marekani, kwa kawaida kila mmoja huandika peke yake, kisha wanakutana kupanga sauti na magitaa. Na sisi tumekaa huko. Mwenye wimbo anauleta ukiwa umekamilika, na mwenzake ana uhuru kamili juu ya sauti ya pili.

Hapo ndipo pesa inapoingia, na watu wanaoimba pamoja huona haya kuizungumza. Utunzi na rekodi ni haki mbili tofauti: aliyetunga maneno na melodia ana chake, na walioimba kwenye rekodi wana chao. Paul Simon alitunga karibu nyimbo zote za kundi lake na Garfunkel. "Bridge over Troubled Water", iliyotoka 1970, aliiandika yeye na kuimbwa na Garfunkel, na mwaka huohuo wakaachana. Sisemi wimbo huo ndio uliowaachanisha. Nasema tu kwamba kundi la watu wawili halina mtu wa tatu wa kusuluhisha. Akina Everly, ndugu wa tumbo moja, walivunjika jukwaani California mwaka 1973, na ikapita miaka kumi kabla ya kuimba tena pamoja Royal Albert Hall, London.

Kwa hiyo andikeni kabla hamjapata chochote cha kugombania. Karatasi yetu ni fupi: mirabaha ya utunzi ni ya mtunzi, rekodi na malipo ya jukwaani nusu kwa nusu, hata siku ambayo mmoja ameimba beti nyingi zaidi. Mmoja akiugua koo, onyesho linaahirishwa. Haletwi mtu wa kuziba nafasi. Na msisahau jina la kundi. Mmoja akiondoka, nani anaruhusiwa kulitumia? Sisi tumeandika kwamba hakuna.