Kuitambua Mustang Halisi ya Paa la Turubai Kabla ya Kulipa

Yeyote anayetafuta Mustang ya paa la turubai ya mwaka 1965 au 1966 atakutana na matangazo yenye maneno yale yale: gari ni halisi, injini ni ile iliyotoka nayo kiwandani, na mmiliki alikuwa mzee mmoja aliyelitunza kama mboni ya jicho. Nimeishi Texas muda wa kutosha kununua moja ya magari haya na kuwasaidia jamaa zangu wa Afrika Mashariki walioko huku kukagua mengine. Ushauri wangu wa kwanza kwao huwa ni huu: usilipie sifa yoyote ambayo gari lenyewe haliwezi kuithibitisha kwa chuma chake. Muuzaji anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, lakini mara nyingi anarudia maneno aliyoambiwa na yule aliyemuuzia yeye, na katika miaka sitini maneno ya namna hiyo hupita mikono mingi.

Ford ilizindua Mustang tarehe 17 Aprili 1964 kwenye maonyesho ya dunia ya New York, na mauzo yakawa makubwa tangu siku ya kwanza. Yenye paa la turubai yalitengenezwa zaidi ya laki moja katika msimu wa 1965, na zaidi ya 72,000 katika msimu wa 1966, kwa hiyo si magari adimu. Hata hivyo, yale yenye paa la chuma yalikuwa mengi zaidi kwa mbali, na leo yanauzwa kwa bei ya chini. Pengo hilo la bei ndilo linalomshawishi mtu kukata paa la chuma na kufunga turubai, au kubandika nembo za GT, yaani kifurushi cha kiwandani cha vifaa na mapambo ya kimichezo, kwenye gari lililotoka kiwandani bila GT. Isitoshe, karibu kila spea ya Mustang ya miaka hiyo inatengenezwa upya na kuuzwa wazi: mabati ya sakafu, milango, madigadi, nembo, vibati vya namba, na hata mabodi mazima. Kwa anayetengeneza gari lake hiyo ni neema, lakini kwa mnunuzi ina maana kwamba kitu kuonekana sahihi hakitoshi.

Anza na namba ya chesi. Magari ya Marekani ya wakati ule hayakuwa na namba ya tarakimu na herufi 17 tunayoijua leo, ambayo ilianza na magari ya modeli za 1981. Mustang ya 1965 au 1966 ina 11 tu, na kila moja ina kazi yake. Mfano mzuri ni gari lenye namba ya mfululizo ya kwanza kabisa, 5F08F100001, ambalo lilinunuliwa na rubani mmoja wa Newfoundland nchini Canada na sasa limehifadhiwa katika makumbusho ya Henry Ford huko Dearborn. Tarakimu ya 5 ni modeli ya 1965, ingawa gari lilijengwa mapema mwaka 1964. Hakuna Mustang ya miaka hiyo ambayo namba yake inaanza na 4, hata kama kadi yake imeandikwa 1964. Herufi F ni kiwanda cha Dearborn, na ungeweza kukuta R ya San Jose au T ya Metuchen. Tarakimu 08 ndizo za gari la paa la turubai. 07 ni la paa la chuma, na 09 ni lile ambalo paa lake linashuka moja kwa moja hadi nyuma. F ya pili ni injini, hapa ikiwa V8 ya inchi za ujazo 260, ambayo ilitumika miezi ya mwanzo tu. Zinazobaki ni namba ya mfululizo, inayoanzia 100001.

Ukiwa na ufahamu huo, nusu ya kazi inafanyika kwa tochi na kitambaa. Fungua boneti usimame upande wa dereva, yaani kushoto. Namba imegongwa moja kwa moja kwenye ukingo wa bati la ndani linaloshikilia digadi, na digadi yenyewe imekatwa kidogo mahali hapo kama nusu mwezi ili namba isomeke. Futa vumbi na mafuta, kisha usome polepole. Herufi zinapaswa kuwa na kina kinacholingana, na chuma kinachozizunguka kisiwe na alama ya kuchomelea, ya kusagwa, wala rangi nene kuliko sehemu nyingine. Namba hiyo iligongwa pia mahali palipofunikwa na digadi, kwa hiyo muuzaji anayejiamini hatakataa fundi alegeze bolti chache ili ipatikane ya pili. Mimi hutilia maanani sana jibu la muuzaji kwa ombi hilo.

Kibati cha mlango wa dereva kina habari nyingi zaidi, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Kinaonyesha aina ya bodi, rangi, vitambaa vya ndani, tarehe ya kujengwa, uwiano wa difu na aina ya giaboksi. Gari la turubai litakuwa na alama inayoanza na 76, kwa mfano 76A, au 76B kama lina mapambo ya ndani ya kifahari, ilhali ya la paa la chuma inaanza na 65. Udhaifu wake unatokana na mambo mawili: mlango ni kitu cha kufunga kwa bolti na unaweza kuwa umetoka kwenye gari jingine, na vibati vipya huchongwa kwa oda. Kibati kikipatana na namba iliyogongwa kwenye bati, vizuri. Visipopatana, amini bati.

Sehemu ninayoitumia muda mrefu kuliko zote iko chini ya gari, kwa sababu huko ndiko uongo unakogharimu maisha pamoja na pesa. Mustang haina fremu ya peke yake kama lori. Bodi na sakafu ndivyo vinavyobeba mzigo, na paa la chuma ni sehemu ya uimara huo. Ford ilipoliondoa paa ililazimika kurudisha nguvu kwingine. Vizingiti vya ndani, yaani mihimili mirefu iliyo chini ya milango, vilitengenezwa kwa chuma kizito zaidi. Visanduku vya chuma vinavyounganisha boriti za mbele na vizingiti viliwekwa pande zote mbili, na bamba la kuimarisha likakatiza chini ya sakafu, usawa wa viti vya mbele. Mtu aliyekata paa la chuma kwa msumeno ili kupata gari la turubai mara chache huongeza vitu vyote hivyo, na akiviongeza, uchomeleaji wake huonekana: matone makubwa ya kuchomelea kwa mkono, mahali ambapo kiwanda kiliacha vidoa vidogo vya duara vilivyopangika.

Kwa hiyo sikubali kukagua gari lililoegeshwa chini tu. Liinuliwe kwenye lifti, au kwa jeki na stendi imara, na mtu alale chini yake na tochi. Tafuta lile bamba la chini ya viti. Gusa visanduku vya pande zote mbili kwa bisibisi, kwani ndimo maji na matope hukaa, na kutu hula kutoka ndani huku nje pakiwa pamepakwa lami nyeusi inayong'aa. Lami mpya chini ya gari la zamani haimaanishi kwamba kuna wizi, lakini inakuzuia kuona, na mimi humwomba muuzaji ruhusa ya kukwangua kidogo. Kisha inua upande wa mbele kwa jeki na ufungue mlango. Mlango ukianza kugoma, au uwazi kati yake na bodi ya nyuma ukabana juu na kupanuka chini, vizingiti vimechoka, na ukarabati wake unaweza kuzidi tofauti ya bei uliyodhani umeipata. Ndani, tazama kiti cha nyuma: cha gari halisi la turubai ni chembamba zaidi, kwa sababu mitambo ya paa imechukua nafasi pembeni.

Jamaa mmoja aliwahi kunipeleka nje kidogo ya Houston kuona gari jekundu lililokuwa likiuzwa kama GT ya 1966. Lilikuwa zuri kweli: taa za ukungu ndani ya grili, mistari pembeni juu ya vizingiti, mabomba ya ekzosi yakitokeza kwenye bati la chini ya bampa ya nyuma, mfuniko wa tangi wenye herufi GT. Nilifungua boneti, nikafuta ile namba kwa kitambaa, nikasoma alama ya tano: C. Hapo suala la GT likawa limekwisha. Kifurushi cha GT kilianza kutolewa Aprili 1965, mwaka mmoja baada ya uzinduzi, na kiwanda kilikifunga kwenye injini mbili tu za V8 za inchi za ujazo 289: ile ya A yenye nguvu farasi 225 na ile ya K yenye 271. C ni 289 yenye kabureta ya midomo miwili na nguvu farasi 200, nayo haikuwahi kutoka kiwandani ikiwa GT. Nilimwambia yule jamaa, "Kaka, gari ni zuri, lakini usililipie kama GT." Muuzaji hakubisha, na yeye alikuwa ameuziwa hivyo. Walielewana kwa bei ya gari la kawaida, na jamaa yangu analiendesha hadi leo kwa furaha.

Alama ya A haithibitishi kwamba gari ni GT, kwa kuwa injini hiyo iliuzwa pia bila kifurushi, na wala kibati cha mlango hakikuandika GT. Hapa inabidi kukusanya ushahidi. Tazama breki za mbele, ambazo kwenye GT ni za diski zenye pistoni 4 kila gurudumu. Tazama pia boriti za nyuma ambako mabomba mawili ya ekzosi yananing'inia: kiwanda kilichomelea vibati vya kuimarisha mahali hapo, ilhali GT za mtaani mara nyingi zina bolti zilizopenyezwa kwenye tundu la kutobolewa.

Kuhusu injini nitasema jambo ambalo wauzaji wengi hawapendi kulisikia. Katika miaka hii Ford haikugonga namba ya gari kwenye injini za kawaida; ni zile za K pekee zilizogongwa. Kwa hiyo mtu anayekuambia kwamba Mustang yake ya 1965 yenye injini ya C au ya A ina "namba zinazolingana" anadai kitu kisichoweza kuonyeshwa. Kinachoweza kuonyeshwa ni umri wa chuma. Upande wa abiria, nyuma karibu na stata, kuna maandishi yaliyotoka na kalibu: msimbo wa muundo, kwa mfano C5AE, ambapo C ni miaka ya 1960 na 5 ni 1965, na karibu yake tarehe, kwa mfano 5D12, yaani tarehe 12 Aprili 1965. Mara nyingine hulazimu kuifungua stata ili kuisoma. Injini iliyomiminwa wiki chache au miezi michache kabla ya tarehe ya kibati cha mlango inaweza kuwa ndiyo yenyewe. Iliyomiminwa baada ya gari kujengwa haiwezi, hata muuzaji aape. Kwa gari la K, msamaha huo haupo: kama injini haina namba ya gari hilo, bei ya K ya asili hailipwi.

Rangi ni jepesi zaidi. Inua zulia, tazama chini ya dashibodi na nyuma ya mabati ya pembeni ndani ya buti, ulinganishe na herufi ya rangi kwenye kibati. Gari lililobadilishwa rangi si la kughushi, lakini halipaswi kuuzwa kwa sifa ya rangi yake ya asili. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa itakuonyesha palipojazwa puti.

Kwenye karatasi, namba ya kadi lazima ifanane na ile ya bati, alama kwa alama. Mifumo mingi ya kuchunguza historia ya magari mtandaoni inataka alama 17, kwa hiyo kukosekana kwa matokeo huko hakukuhakikishii usalama wowote. Ni bora kuomba polisi wa eneo lenu waikague namba kabla pesa haijahama. Ukionyeshwa ripoti ya Marti, ambayo hutolewa kutokana na kumbukumbu za uzalishaji za Ford, fahamu kwamba inaanzia magari ya 1967, hivyo gari la 1965 au 1966 haliwezi kuwa nayo. Mara chache hupatikana karatasi ya kiwandani iliyosahaulika kwenye springi za viti, na ikipatikana ina thamani kubwa.

Mwisho wa ukaguzi, andika mkataba wa mauzo wenye namba kamili uliyoisoma wewe mwenyewe kwenye bati, pamoja na kila sifa iliyopandisha bei: GT ya kiwandani, injini ya asili, bodi isiyobadilishwa. Muuzaji asipokubali kuitia sahihi sifa aliyoitangaza, iondoe kwenye hesabu yako na umpe bei ya gari lisilo nayo.