Husuni Kubwa: ngome au nyumba ya sultani?

SWALI: Mzee wangu, shikamoo. Shuleni tulifundishwa kwamba Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani ilikuwa ngome. Mwezi uliopita nilivuka kwenda kuiona. Sikuona tundu la mzinga hata moja, ila bwawa la kuogea na vyumba vingi vyembamba. Ilikuwa nini hasa, na mbona vyumba vimebana hivyo?
Msomaji, Lindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Macho yako hayakukudanganya. Jina ndilo linalochanganya watu, maana husuni kwa Kiarabu ni ngome. Lile lilikuwa kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, pamoja na maghala yake. Lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ilipokuwa ikipitia Kilwa. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika mwaka 1331, akamkuta sultani huyo na kumsifu kwa ukarimu.

Mimi ni mwashi, nimefunzwa kazi na babu yangu, na jengo nalisoma kwa kulitembea. Anzia kusini. Pale pana uwanja mpana uliozungukwa na vyumba. Ndiko mizigo ilikowekwa. Sogea mbele ufike ua wa baraza, wenye vidato vya mawe vya kukalia, pamoja na lile bwawa la pembe nane. Mwisho kabisa, kwenye ncha ya mwamba juu ya bahari, ndipo makao ya sultani mwenyewe, na ngazi zinashuka hadi ufukweni. Mwenye mzigo alikomea kusini, mwenye shauri akafika barazani, na huko mbele wakaingia wa nyumbani tu. Nyumba za mawe za Lamu, za karne nyingi baadaye, zina mwendo huohuo: daka (kibaraza cha mlangoni), kiwanda (ua wa ndani), msana (ukumbi mrefu mwembamba), hadi ndani, vyumba vya faragha.

Wembamba wa vyumba ni kwa sababu ya boriti. Mti wa mkoko ni mgumu, mchwa hauuwezi, lakini ukiutandika zaidi ya mita 3 hivi chini ya dari ya mawe na chokaa, utapinda. Kwa hiyo chumba hurefushwa, hakipanuliwi. Mafundi wa al-Hasan walipotaka kuachana na boriti walijenga kuba na dari za tao, kazi ambayo hadi leo inanitia heshima. Hata miimo ya milango waliichonga kwa matumbawe yaliyokatwa baharini yangali mabichi na laini, yakaja kukauka yakawa jiwe.

Kasri halikukamilika. Ukirudi, pita Husuni Ndogo, jirani tu: ukuta mnene wa mstatili wenye minara. Huo ndio unaofanana na ngome uliyosoma shuleni.

Nakuomba jambo moja, mwanangu. Usipande juu ya kuta kupiga picha. Chokaa imechoka, na bahari inaula mwamba kwa chini.