Magazeti ya babu: simu au skana?

SWALI: Marehemu babu ameniachia sanduku la magazeti ya Mambo Leo, mengi ya miaka ya 1930. Yamekuwa ya kahawia na yanakatika kwenye mikunjo. Nataka kila mtu ayasome bure mtandaoni. Nipige picha kwa simu au nitafute skana? Na mtu akitafuta jina la kijiji chao, litatokea? — Mwalimu mstaafu, Tanga

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Kabla ya yote, mikunjo hiyo usiizibe kwa selotepu. Gundi yake hupenya kwenye karatasi na kuacha doa lisilotoka. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, na asidi iliyomo ndiyo inayoila. Kunjua kila toleo taratibu, ulilaze kati ya karatasi nyeupe safi, mbali na jua.

Sasa chukua rula upime ukurasa. Mimi sishuki chini ya nukta 300 kwa inchi. Ukurasa wa ukubwa wa A4 kwa kipimo hicho unahitaji pikseli, yaani nukta za picha, milioni 9 hivi, kwa hiyo simu nzuri ya megapikseli 12 (pikseli milioni 12) inatosha. Ukifikia A3 zinahitajika milioni 17, na hapo azima kamera ya megapikseli 24. Skana ya mezani ni nzuri pia, mradi ukurasa uenee wote kwenye kioo bila kukunjwa. Simu au kamera ifungwe kwenye stendi, itazame chini wima, taa mbili ubavuni, flashi izimwe.

Picha kama zilivyotoka kwenye kifaa zihifadhi bila kuzisafisha, kwa TIFF (aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha) kifaa kikiruhusu, kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti. Faili zipe majina yanayojieleza: mamboleo_1934_05_uk03. Nimewahi kupokea picha mia kadhaa zenye namba za kamera tu. Kuzipanga kulinichukua muda mrefu kuliko uliotumika kuzipiga.

Kijiji kitatokea ikiwa programu ya kugeuza picha kuwa maandishi imesoma herufi sawasawa. Mojawapo, Tesseract, ni ya bure na inasoma Kiswahili, ila wino ukififia "m" huwa "rn", na "mwanamke" anageuka "mwanarnke". Bahati yetu, maneno ya Kiswahili yenye "rn" ni machache, kama "karne", kwa hiyo tafuta "rn" katika matini yote na utayanasa makosa mengi kwa mkupuo mmoja. Majina ya vijiji yasomeni kwa macho, wewe na wazee wa huko. Zile habari fupi kutoka wilayani ndizo ninazozionea uchungu zaidi, maana nyingi hazikuandikwa popote pengine.

Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, hupokea kazi kama hizi bila malipo. Lugha ijaze Kiswahili. Kuhusu haki, gazeti lilikuwa la serikali ya Tanganyika tangu 1923, lakini mashairi na barua zina watunzi wake, na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inazilinda hadi miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Waulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla ya kupakia. Wakati unasubiri jibu, piga toleo moja tu, lile lililochakaa zaidi, ulikuze kwenye kompyuta uone kama nukta ya "i" inaonekana.