Kabla hujashuka kwenye handaki la Churchill, soma yaliyonikuta

Wiki iliyopita dada mmoja wa Dodoma kaniandikia: "Kaka, habari za huko. Mwezi wa saba nakuja kwenye mahafali ya binti yangu. Nimeona picha zako za lile handaki la Churchill. Linafaa, au ni kupoteza hela?"

Nikaanza kumjibu mistari miwili, nikafuta. Nikaanza tena, nikafuta. Mwisho nikaona nimjibu hapa, maana wapo wengi wenye safari kama yake, na maana jambo lenyewe bado linaniuma. Handaki lenyewe ni Churchill War Rooms, makumbusho ya London: vyumba vya chini ambamo Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, aliongozea vita.

Mwaka jana mwezi wa nane baba mdogo na mama mdogo walikuja kututembelea Coventry, huku Uingereza. Baba mdogo ni mwalimu mstaafu wa historia, kafundisha Tanga miaka thelathini na ushee. Mimi niko ghalani, zamu ya usiku. Sitaficha: nilitaka aone kwamba mtoto wa kaka yake hakuja Ulaya kubeba maboksi tu. Nikawatangazia kwenye kundi la familia kuwa Jumamosi tunashuka pale Waingereza walipopangia Vita vya Pili vya Dunia. Mjomba wa Muheza akajibu kwa makofi kumi na mawili. Nikavimba kichwa.

Makosa yangu yalianza hapo. Sikukata tiketi. Nilidhani London ni kama stendi, unafika unalipa unaingia. Ni mwezi wa nane, shule zimefungwa, watu wamejaa mpaka nje kwenye ngazi za Clive, karibu na bustani ya St James's. Tukasimama sana. Magoti ya baba mdogo si ya kusimama. Mama mdogo kila baada ya dakika tano anauliza Oxford Street iko upande gani, maana ana orodha ya zawadi za watu. Kwa hiyo, dada yangu, kata tiketi mapema mtandaoni, uchague na saa yako. Ya mtu mzima ni zaidi ya pauni 30, si kama makumbusho mengi makubwa ya London ambayo kiingilio ni bure. Kwa hela hiyo usiende kubahatisha.

Ndani tukakutana na korido nyembamba, mabomba juu ya vichwa, vyumba vidogo vimefungwa kwa vioo, kila chumba kina kitanda, meza na simu. Nilikuwa mbele nikipiga picha. Sikuwa nimesoma chochote zaidi ya jina la Churchill. Baba mdogo akaniuliza, "Hiki ni chumba cha nani?" Nikamwambia cha maofisa. Akauliza, "Maofisa gani?" Nikamwambia wa vita. Chumba cha tatu au cha nne akasimama, akaegemea ukuta, na mbele ya wanangu akasema: "Nimetoka Tanga kuja kuona simu za mezani?"

Wanangu wakacheka. Mimi pia nilicheka, lakini cheko la nje. Jioni akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi kwamba wametembezwa "chini ya ofisi moja hivi". Mjomba wa Muheza akacheka kwa emoji zilezile kumi na mbili. Ujumbe huo bado ninao kwenye simu. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko inavyostahili.

Na ukitaka haki, hakukosea. Pale ni chini ya ofisi kweli. Ni vyumba vya chini vya jengo la serikali Whitehall, vikaanza kazi tarehe 27 Agosti 1939, siku saba kabla Uingereza haijaingia vitani na Ujerumani. Havikuchimbwa chini sana kama wengi tunavyodhani. Mabomu yalipoanza kumiminika London mwaka 1940 ndipo wakamwaga zege nene juu yake, mahali pengine linafika mita moja na nusu. Kwa jengo lile ndiyo kinga iliyopatikana. Ningemwambia hivyo baba mdogo, mwalimu yule, angekaa saa mbili. Sikumwambia kwa sababu sikujua.

Mwezi wa kumi na moja nikarudi peke yangu. Nimetoka zamu, nimelala kwa muda wa saa tatu tu, nikapanda treni na tiketi yangu ya saa 3:30 asubuhi, wanapofungua tu. Safari hii nilikuwa nimesoma wiki mbili nzima. Nakwambia ni mahali pengine kabisa.

Anza na chumba cha baraza la vita. Meza zimepangwa mraba, kiti cha Churchill kiko mbele ya ramani. Baraza lilikutana mle mara 115. Tazama mikono ya kile kiti: mbao imechubuka. Ni kucha zake na pete yake. Mzee aliyekuwa akisikika redioni kama jabali, kumbe huku chini anakwaruza kiti. Chumba chake cha kulala kipo pia, ila alilala humo siku za kuhesabu kwa vidole. Alipenda zaidi kulala juu. Waliolala chini hasa ni makarani na wapiga chapa, tena chini zaidi ya hapo, kwenye vyumba vya dari fupi unavyoingia umeinama. Wafanyakazi walikosa jua mpaka wakawekwa mbele ya taa maalum, wasipate maradhi. Mimi mtu wa zamu za usiku, nilisimama hapo muda mrefu kuliko mbele ya kitanda cha mkubwa.

Kuna kibao cha kuwajulisha hali ya hewa huko juu. Kikiandikwa "upepo", ujue mabomu yanaanguka. Watu wa ofisini ni walewale duniani kote, utani hawauachi.

Sasa hizo simu za mezani. Kuna mlango mmoja una komeo kama la choo, lile linaloonyesha kuna mtu au hakuna. Wafanyakazi waliamini ni choo binafsi cha Churchill. Kumbe ndani ni kichumba cha simu, mahali alipozungumza na Rais Roosevelt wa Marekani. Kuanzia mwaka 1943 sauti zao zilipitia mtambo wa kuvuruga maneno ili Mjerumani akinasa asiambulie kitu. Mtambo wenyewe ulikuwa mkubwa, uzito wake tani zaidi ya 50, haukuweza kuingia pale chini. Unajua waliuweka wapi? Chini ya duka la Selfridges. Oxford Street! Mama mdogo anauliza Oxford Street, baba mdogo anadharau simu, na mimi katikati yao nimebeba kamera, sijui kwamba jibu la wote wawili ni moja. Ningewatoa pale kwa miguu mpaka Selfridges nikiwa msimulizi wa mfano. Nilipiga kichwa kioo kidogo, mlinzi akaniangalia.

Kisha ukumbi wa ramani. Ulifanya kazi saa 24 kila siku, ukazimwa taa tarehe 16 Agosti 1945, na vitu vikabaki kama vilivyokuwa, hata vibonge vya sukari vya ofisa mmoja, alivyovificha kwenye bahasha wakati sukari inatolewa kwa mgao. Ramani ya misafara ya meli imejaa matundu ya pini, Atlantiki imetoboka kama chujio.

Fikra zangu zilihamia Bahari ya Hindi. Babu, mzaa baba, alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapelekwa Burma. Hakusimulia vita. Alisimulia mvua na ruba tu. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa chini ya dakika 3. Walikufa watu 1,297, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Meli za kivita za Uingereza zikaangusha mabomu ya kuilenga nyambizi pale pale walipokuwa wakiogelea walionusurika. Siku hiyo taa za chumba hiki zilikuwa zinawaka. Kuna mtu alikuwa zamu, kama mimi. Babu yangu alivuka bahari hiyohiyo.

Dada yangu, ndiyo maana nasema usiende mikono mitupu. Tunapenda kutembea, tunapenda picha ya Big Ben, hata mimi ninayo. Lakini tunashuka kwenye historia za watu hatujawauliza wazee wetu walikuwa wapi mwaka huo. Tunajua Churchill alivuta sigara gani, hatujui namba ya jeshi ya babu. Watoto wetu watatucheka, na watakuwa na haki. Waulize wazee kabla hawajaondoka. Soma kwanza. Kata tiketi mapema, nishasema, narudia. Fika asubuhi wanapofungua, vaa viatu vya kusimama, na mzee mwenye magoti mpange akae kwenye mgahawa wa mle ndani katikati ya ziara.

Juzi nilipiga simu Tanga kuuliza kama kuna karatasi yoyote ya babu ya jeshi. Baba mdogo kasema ipo kwenye sanduku la bati, ataitafuta. Kisha kimya kidogo, akauliza, "Kile kichumba chenye simu, ulisema kilikuwa na komeo la choo?" Sikuwahi kumwambia hivyo. Atakuwa kasoma mwenyewe.

Nimemtumia picha ya ule mlango. Tiki mbili za bluu. Bado hajajibu.