Kitabu cha picha cha kuchekesha: mwachie mtoto aone kwanza

Ukitaka kumnunulia mtoto wa miaka mitatu au minne kitabu cha kuchekesha, kifungulie palepale dukani. Ziba maandishi kwa kiganja uangalie picha tu. Kisha ziba picha, usome maandishi. Ukiona vyote viwili vinasema jambo lilelile, rudisha kitabu rafuni. Maneno yanasema paka amekaa juu ya meza, na picha ni paka juu ya meza. Kichekesho kitatokea wapi hapo?

Nikitafuta kitabu kipya, kipimo changu ni Rosie's Walk, cha Mwingereza Pat Hutchins, kilichotoka mwaka 1968. Kina maneno 32 tu, tena sentensi moja: kuku ametoka matembezini, akazunguka shambani, akarudi kwa wakati wa chakula. Ukisoma maandishi peke yake, utasinzia. Lakini kwenye picha kuna mbweha anayemnyemelea kuku tangu mwanzo, na maandishi hayamtaji hata mara moja. Kila akijaribu kumrukia kuku anapata kipigo: reki inampiga usoni, anatumbukia bwawani, anamwagikiwa unga, mwisho anatimuliwa na nyuki. Kuku hana habari kabisa.

Utamu wote uko hapo. Mtoto asiyejua hata herufi moja anajua mengi kuliko anayemsomea! Na huyu ni mtoto ambaye kutwa anaambiwa "wewe bado mdogo, hujui". Kwa hiyo mimi nyumbani huwa nasoma kama nisiyeona kitu. Watoto wakipiga kelele, "Mama, yuko nyuma yake!", najibu, "Nani? Mbona mimi naona kuku tu?" Wanacheka hadi wanagaragara kwenye mkeka.

Sisi tuliokulia kwenye "Paukwa! Pakawa!" jambo hili linatupa shida kidogo. Bibi akisimulia habari za Sungura na Fisi alibeba kila kitu mwenyewe: sauti ya Fisi, mwendo wake, hata namna anavyolia njaa. Tumerithi hiyo, na ni mali. Ila katika kitabu cha picha nusu ya masimulizi anayo mchoraji, na wewe ukijaza maneno mengi unamziba mdomo. Kibaya zaidi ni kueleza: "Umeona? Mbweha ameanguka kwa sababu alikuwa haangalii mbele." Basi, kicheko kimekufa.

Usikimbilie kugeuza ukurasa pia. Vitabu vya aina hii kwa kawaida vina kurasa 32, kutokana na jinsi karatasi za mtambo wa uchapaji zinavyokunjwa, na mchoraji hodari huficha tukio nyuma ya karatasi. Shika ncha ya ukurasa, nyamaza, uliza, "Haya, sasa itakuwaje?" Kila mmoja aseme lake ndipo ufunue.

Kuhusu lugha, kitabu kikiwa cha Kiingereza usitafsiri neno kwa neno. Simulia kwa Kiswahili. Vile vinavyotegemea vina au mchezo wa maneno viache, vitakuchosha bure. Vya matendo vinavuka bila taabu, na sisi tuna hazina ya milio: mbweha anaanguka pu! anatumbukia chubwi! Watoto wangu wanapenda chubwi kuliko kitabu chenyewe.

Kama bei za dukani zinakushinda, fungua African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini ulioanza kazi mwaka 2014. Una hadithi za picha za Kiswahili za kusoma bure kwenye simu au kuchapisha. Lakini zipitie mwenyewe kwanza kwa kile kipimo cha kiganja. Na popote utakapokuta ukurasa wa mwisho unaoanza "Kwa hiyo watoto, tujifunze...", uruke. Mimi nauruka bila aibu. Mtoto aliyemcheka mlafi ameshaelewa, hahitaji kuhubiriwa.

Wakiomba kilekile kila siku, wape. Katika umri huu kujua kinachokuja ni sehemu ya raha. Ila kisomwe alasiri au kabla ya chakula cha usiku. Wakati wa kulala chagua hadithi nyingine tulivu, maana watoto walioanza kupiga kelele za chubwi saa tatu usiku hawalali mapema.