Kufuatilia mafunjo na matete yaliyopandwa ufukweni Ziwa Victoria: hesabu nini, lini, na kwa nini

Mkuu, umeuliza kwa nini kikundi chenu kilikuta asilimia 80 ya mafunjo yako hai miezi mitatu baada ya kupanda, halafu kabla ya mwaka kuisha nusu ya ufukwe ikawa maji matupu, na sasa mfadhili anadai maelezo. Kupanda kwenu kunaweza kuwa kulikuwa sawa kabisa. Kasoro naiona kwenye kipimo. Asilimia ya miche hai inafaa kwa miti. Kwa mafunjo na matete inafaa majuma ya mwanzo tu, kwa sababu mimea hii hutambaa kwa raizomu, yale mashina manene yanayolala topeni. Mche ukishashika unatoa machipukizi kila upande, na baada ya muda hakuna anayeweza kusema shina hili ni la mche upi. Fungu moja lililonenepa linaficha mapengo mengi, na jumla inabaki nzuri huku ukanda unatoboka.

Kwa hiyo hadi wiki ya 12 hesabu miche. Baada ya hapo achana nayo, hesabu mashina ndani ya fremu na upime upana wa ukanda.

Kwa miche, huhitaji kuweka alama kwa yote. Mkipanda 600, chukua kila mche wa sita, namba ya kuanzia ipatikane kwa kura, mtapata 100. Lebo nzuri ni kipande cha kopo la soda, sentimita 2 kwa 8, namba ikandamizwe kwa ncha ya msumari. Kalamu ya wino hufutika, mkwaruzo wa msumari haufutiki. Ifunge kwa waya mwembamba wa shaba kwenye kijiti kilichochomekwa kando ya mche, kamwe si kwenye shina lenyewe, maana shina la funjo huishi miezi tu kisha linaanguka na lebo yako. Nailoni ya nyavu msitumie, inanasa miguu ya ndege. Pitieni wiki ya 2, ya 6 na ya 12.

Sehemu ambayo vikundi vingi huiruka ni sababu ya kifo. Fomu ikiandika "hai" na "umekufa" tu, haitakusaidia kurekebisha chochote. Ingiza mkono topeni, papasa raizomu. Kama hakuna kitu, shimo tupu, mche umeng'olewa: ni mawimbi, au ni kokoro, wavu mrefu unaovutwa hadi ufukweni, limeburutwa hapo. Kokoro huacha mfereji mpana unaoelekea nchi kavu, na miche yote ya mstari huo hutoweka kwa pamoja. Wimbi hung'oa mmoja mmoja, likianza na ya upande wa maji mengi. Raizomu ikiwa nyeusi, laini na inanuka, mche umezama: shina la kijani ndilo linalopeleka hewa chini, na likifunikwa lote na maji, raizomu inaoza. Ikiwa kahawia, kavu na ngumu, maji yaliukimbia.

Raizomu ikiwa nyeupe na ngumu lakini juu hakuna kitu, usiandike kifo. Andika "imekatwa" na usubiri ziara ijayo, mara nyingi itachipua. Angalia mkato: panga huacha uso safi uliolala mshazari, ng'ombe huacha nyuzi zilizochanika. Kiboko huacha njia pana iliyokanyagwa na nyayo za vidole vinne. Machipukizi membamba, ya manjano, yaliyolala chini ya zulia la gugumaji ni sababu nyingine kabisa na ipewe alama yake. Dawa ya kila moja ni tofauti, mkuu. Ng'ombe anataka uzio na makubaliano na wafugaji, kokoro linahitaji BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa uvuvi ufukweni, mche uliozama unahitaji kupandwa kwenye kina kingine.

Na kina ndiko ninakoshuku tatizo lenu. Ziwa huwa juu mwezi wa tano na wa sita, masika yakishaingiza maji yake. Ukipanda mwezi wa kumi kwenye sentimita 20, mche huo huo unaweza kujikuta kwenye sentimita 60 masika yakiisha. Kuna miaka mibaya zaidi: toka mwishoni mwa 2019 hadi Mei 2020 ziwa lilipanda zaidi ya mita moja, likafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, na kuvuka kidogo rekodi ya 1964. Upandaji wa kina usiobadilishwa hauponi kwenye mwaka kama huo, hata wanakikundi wafanye kazi usiku na mchana.

Basi wekeni kipimo chenu cha maji. Nguzo ya mti mgumu yenye alama kila sentimita 5 kwa rangi ya mafuta, isimikwe mahali penye maji hata kiangazi. Nguzo inaweza kung'olewa, kwa hiyo funganisha sifuri yake na kitu kisichosogea nchi kavu, kama kona ya msingi wa jengo la mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Tumia mpira mwembamba unaopitisha mwanga, uliojaa maji, ule ule mafundi ujenzi wanaotumia kusawazisha msingi. Kipimo kisomwe kila Jumatatu asubuhi kabla ya upepo, na msomaji awe mtu anayeishi hapo.

Sasa fremu, ile ya kuhesabia mashina. Bomba za plastiki za nusu inchi, mita moja moja, ziwe tatu tu na elbo mbili. Upande wa nne uache wazi uweze kuipenyeza kati ya mashina marefu, kisha ufunge kwa kamba. Ziba ncha ili ielee. Kwa ufukwe wa mita 400, weka mstari kila mita 50, ukitoka nchi kavu kwenda maji mengi, jumla minane. Mstari uanzie juu, ndani ya zile mita 60 zinazolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004, kwa sababu ukanda huliwa na mashamba kutoka nyuma kama unavyoliwa na mawimbi kutoka mbele. Kila mstari uwe na fremu tatu: ukingo wa juu, katikati, ukingo wa maji. Mahali pa kuanzia patiwe rangi kwenye mti au jiwe, na umbali upimwe kwa futikamba. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, haikurudishi kwenye mita moja ile ile. Nondo za kuwekea alama nazo huibiwa.

Ndani ya fremu hesabu mashina kwa mafungu matatu: machanga ambayo mwavuli, kile kishada cha nyuzi kichwani mwa funjo, bado umefumba, makomavu yenye mwavuli wa kijani uliofunguka, na mazee ambayo zaidi ya nusu ya mwavuli ni kahawia. Hapa ndipo unaona anguko kabla halijatokea. Machanga yakipungua ziara mbili mfululizo za msimu ule ule, mwaka huu na ujao, huku makomavu yakibaki mengi, ukanda unazeeka. Gugumaji liandikwe peke yake kama asilimia ya eneo la fremu. Kijani chake kisiingie kamwe kwenye kijani cha mafunjo. Fremu tupu iandikwe 0. Nafasi wazi kwenye fomu maana yake hamkufika.

Upana wa ukanda upimwe kwenye kila mstari. Jumla ya upana wa mistari minane ikiwa mita 52, zidisha kwa 50, una mita za mraba 2,600. Namba hiyo mfadhili anaielewa, na haidanganyi kama asilimia ya miche. Rudieni Juni na Oktoba, na mlinganishe Juni na Juni.

Pimeni pia fremu chache kwenye mafunjo ya asili yaliyo karibu, ndiyo shabaha yenu, na kipande cha ufukwe kilichozungushiwa uzio bila kupandwa. Pengine kuzuia ng'ombe peke yake kunatosha, na fedha za miche ziende kwenye uzio.

Usalama: kichocho kipo ukanda wote huu, na vijidudu vyake hutoka kwenye konokono kwa wingi zaidi jua likiwa kali. Fanyeni kazi saa mbili hadi saa nne asubuhi, kwa mabuti marefu, fremu za ukingo wa maji zifanyiwe ndani ya mtumbwi. Wapimaji wapate prazikuanteli, dawa ya kichocho, kupitia zahanati. Kabla ya kuingia, muulizeni mvuvi wa mwalo huo kuhusu mamba na viboko, na akisema leo hapana, ahirisheni.

Kwenye ripoti yenu, asilimia 80 msiifute. Iandikeni na tarehe yake, chini yake wekeni usomaji wa maji wa mwezi huo na wa leo kama mnao, kisha idadi ya mapengo kwa kila sababu. Kama hamna usomaji, anzeni na mapengo yaliyopo sasa: raizomu zilizooza bado zinaweza kupatikana topeni mkiwahi.